Goti lilivyopona bila kuacha mlima wa Lushoto
Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na kona za kabla ya mji mdogo wa Soni hazimhurumii mwendesha baiskeli wa miaka 63. Goti la kulia lilikuwa linauma mbele, chini ya pia ya goti, kila nikipanda. Vijana ninaoendesha nao wakanishauri nibaki tambarare. Thubutu!

Kiini kilikuwa gia nzito. Duara dogo la mbele lina meno 34. Nyuma, kubwa kabisa lilikuwa na 28, hivyo goti lilisukuma kwa nguvu huku miguu ikizunguka polepole. Fundi akafunga seti ya nyuma inayofika meno 34: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo mara moja. Mkono mfupi wa kuhamishia cheni haukutosha, ikabidi kununua mrefu, na cheni ikaongezwa pingili. Hela iliishia hapo, si kwenye meno.

Kiti nacho tukakipandisha juu kidogo: kisigino kikiwa kwenye pedali ya chini kabisa, mguu unanyooka.

Sasa napanda nimekaa, miguu myepesi, goti kimya. Vijana bado wananiacha, ila hunisubiri Soni, na chai wanalipa wao.