Majina tu

Nimekuwa naahirisha kuandika hili tangu Jumapili nikidhani litapoa lenyewe, halijapoa, basi bora niliandike niendelee na maisha.

Wazoefu wa hapa mnaujua utaratibu wetu, tangu baba afariki tunasoma Biblia kwa simu Jumapili jioni, mama, kaka, mdogo wetu na mimi, kila mtu yuko kwake, na tulikubaliana tuanze Mwanzo moja tusonge hivyo hivyo mpaka tuchoke. Bustani tumemaliza. Kaini naye tumemmaliza, ule ugomvi wa siku ile nilishauandika sirudii. Jumapili hii zamu ya kusoma ilikuwa yangu na tulikuwa sura ya 5, ile ya vizazi. Nimesoma Adamu, nimesoma Sethi, nimefika kwa Enoshi, "miaka mia kenda na mitano, akafa", kaka akanikatiza.

"Ruka hapo mdogo wangu, hayo ni majina tu."

Nikamwambia, "Kaka, ni majina ya watu."

"Ndo nasema sasa, majina tu. Twende kwenye gharika."

Kimya kidogo. Halafu mama, "Someni basi, usiku unaingia."

Nikaruka, nikaenda sura ya 6, nikasoma mpaka mwisho kwa sauti nzuri tu, tukaomba, tukaagana, nikaosha vyombo. Na toka pale ile "majina tu" inanizunguka kichwani. Nikiwa kwenye foleni ipo. Nikiwa kazini nalinganisha stakabadhi ipo. Nimeshaijaribu kwa kila namna, kaka akiisema kwa kuchoka, akiisema kwa utani, akiisema kwa lile sauti lake la mwenyekiti wa kikao, na kila nikiijaribu mimi najibu kitu kizuri zaidi ya nilichojibu, maana "ni majina ya watu" jamani ni jibu gani hilo, hata mtoto angesema.

Na mama je? "Someni basi" yake ilikuwa upande wa nani? Someni, yaani mwacheni asome? Au someni, yaani acheni kubishana mruke twende? Siwezi kumuuliza, ataniona nimekosa kazi ya kufanya. (Kazi ninayo, bosi wetu ameaga kazini ghafla, ofisi imehamia ghorofa ya juu, na mdogo wetu kajifungua salama Jumatano mtoto wa kiume, Mungu ni mwema, picha baadaye.)

Kinachoniuma nadhani ni hiki. Kaka ndiye aliyesoma wasifu wa baba siku ya mazishi. Na wasifu ule ulikuwaje? Alizaliwa mwaka fulani, akaoa, akajaliwa watoto, majina yao ni haya, akaugua, akafariki. Ukiuweka pembeni ya Mwanzo 5 mtindo ni ule ule! Akaishi miaka kadhaa akazaa mwana, jina lake huyu, akaishi tena miaka kadhaa, akazaa wana, waume na wake, akafa. Siku ile kaka aliwarudisha wachapaji usiku kwa sababu jina la mjukuu mmoja lilisahaulika kwenye karatasi, akasema haiwezekani, lichapishwe upya, na likachapishwa. Hakuna aliyethubutu kumwambia hayo ni majina tu.

Basi Jumatatu usiku watoto wamelala nikakaa na ile sura peke yangu. Mnajua kazi yangu ni hesabu, nikiona namba mkono unawasha, nikafungua Excel nikamweka Adamu mwaka sifuri nikaanza kushuka naye. Adamu ana miaka 130 anamzaa Sethi, Sethi ana 105 anamzaa Enoshi, hivyo hivyo hadi Nuhu. Nilikuwa natafuta kitu cha kumjibu kaka, lazima niseme ukweli, ibada haikuwepo kabisa pale mwanzoni. Lakini yaliyotoka humo yamenifanya nisahau nilikuwa nimekasirika, angalau kwa usiku ule.

Cha kwanza, Adamu alipokufa akiwa na miaka 930, wote waliokuwa wamezaliwa kwenye ile orodha walikuwa hai. Wote wanane, kuanzia Sethi mpaka Lameki baba yake Nuhu, Lameki wakati huo ana miaka 56. Mimi nilikuwa nasoma "akafa, akafa, akafa" kama wanapokezana, huyu anaondoka ndo mwingine anaingia, kumbe sivyo, wamerundikana, vizazi vinane vinapumua kwa pamoja na yule mzee wa kwanza bado yupo. Fikiria hapo. Kabla ya hapo kwenye ukoo huu hatujasoma mtu aliyekufa kwa uzee. Habili aliuawa. Kifo cha kitandani, cha mtu kuchoka tu akazimika, hatujakiona mpaka Adamu. Na Mungu alishamwambia u mavumbi wewe na mavumbini utarudi, halafu ikachukua miaka mia kenda na ushee. Naona kama wale watoto na wajukuu na vilembwe wamemzunguka hawajui hata wafanye nini na mwili.

Na anayefuata kuondoka baada ya Adamu ni nani? Siyo Sethi. Ni Henoko, miaka 57 baadaye, na Henoko hafi! "Henoko akaenda pamoja na Mungu, naye akatoweka, maana Mungu alimtwaa." Sethi anakuja kufa baadaye kabisa. Ukisoma kwa mpangilio wa sura huwezi kuliona hili kwa sababu Henoko ni wa saba, unamkuta ukiwa umeshachoka na akafa zako sita, lakini ukiwapanga kwa miaka anakuwa wa pili. Wamemzika baba wa wote, bado hawajazoea, na anayefuata Mungu anamchukua mzima mzima. Nilisimama nikazunguka meza. Nilitaka kumpigia mtu simu, ilikuwa saa sita usiku.

Halafu nikakumbuka baba yake. Yaredi. Yaredi alimzaa Henoko akaishi miaka 800 mingine, na Henoko alikaa duniani 365, kwa hiyo toa, Yaredi alibaki miaka 435 baada ya mwanawe kutoweka. Tunahubiriwa Henoko kila mara, alivyotembea na Mungu, nani amewahi kuhubiri Yaredi? Huyu hana kaburi la kwenda kufagia. Ana neno la watu tu kwamba Mungu amemtwaa, na miaka mia nne na kitu ya kuamini hivyo kila asubuhi. Waraka kwa Waebrania unasema Henoko hakuonekana, maana yake si walimtafuta? Kuna mtu alitoka kumtafuta, na mimi nadhani ni mzee Yaredi.

Methusela mnamjua, 969, huyo anashinda mashindano ya kila chemsha bongo ya Biblia. Lakini jumlisha, alikuwa na 187 alipomzaa Lameki, Lameki 182 alipomzaa Nuhu, Nuhu 600 mwaka wa gharika. Inatoka 969 kamili. Alikufa mwaka ule ule wa maji. Biblia haisemi kama ni kabla au ni ndani ya maji, imenyamaza, na mimi nanyamaza. (Kwenye tafsiri ya kale ya Kiyunani namba ni tofauti, kuna nakala ambazo ukizipigia hesabu Methusela anaivuka gharika kwa miaka 14 na safina hakuingia, watu wametoka jasho kwa hilo tangu enzi za Augustino, yule askofu wa kale. Mimi nimefuata Biblia yangu ya kila siku.) Na Lameki alikufa miaka mitano kabla, maana yake Methusela pamoja na miaka yake yote alimzika mwanawe.

Huyu Lameki ndiye nimempenda. Sura nzima ya 5 watu wanaishi na kuzaa na kufa hakuna anayefungua mdomo, anayenukuliwa ni yeye tu, siku anampa mtoto jina. "Huyu ndiye atakayetufariji kwa kazi yetu na kwa taabu ya mikono yetu katika ardhi aliyoilaani BWANA." Mtu amechoka. Wale wa sura ya 4, ukoo wa Kaini, wanatajwa kwa ufundi wao, Yabali na mahema na mifugo, Yubali na kinubi na filimbi, Tubal-kaini na vyuma vyake, wana mji kabisa, ila hakuna hata mmoja tunayeambiwa aliishi miaka mingapi. Upande wa Sethi ni kinyume, miaka tunayo yote, kazi hatuambiwi, mpaka Lameki anaposema mikono inauma. Na ukipiga hesabu Nuhu ndiye wa kwanza kwenye orodha kuzaliwa Adamu akiwa ameshakufa. Watoto wote kabla yake wangeweza kumkuta yule babu aliyeona bustani. Nuhu hapana, yeye kamkuta kwa kusimuliwa.

Na huyu wa Jumatano wa mdogo wetu naye ndo hivyo, kamkuta babu yake kwa kusimuliwa. Sijamwambia mdogo wetu, kajifungua juzi tu, ataanza kulia.

Sasa, Alhamisi nikaona hoja zangu zimeiva, nikachukua Biblia ya baba. Mnajua nilipewa mimi, kaka alichukua saa. Sikuwa nimeifungua Mwanzo, huwa naifungua Zaburi tu kwa sababu Zaburi ndo kuna mikono yake, kurasa zimelainika kama kitambaa, kalamu ya bluu kila mahali. Nikasema nione baba alipigia mstari wapi kwenye sura ya 5, nimpelekee kaka ushahidi Jumapili. Nikafungua. Sura ya 4 mistari ipo, "kama ukitenda vyema, hutapata kibali", amepigia mara mbili mpaka karatasi imekwaruzika. Sura ya 6 ipo, "lakini Nuhu akapata neema machoni pa BWANA", pembeni kaweka alama yake ile ya vema. Katikati, sura ya 5, peupe. Hakuna hata doa. Nikaenda Mambo ya Nyakati wa Kwanza ambako ni majina matupu sura tisa mfululizo, huko ndo usiseme, kingo za kurasa bado zimeshikana kama siku ilipotoka dukani, nilizibandua kwa kucha moja moja zikawa zinalia tk, tk.

Mzee alikuwa anaruka!

Nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akaamka kuuliza kuna nini. Miaka yote ile ya kutusomesha ibada ya jioni, katusimamia kama askari, kumbe akifika kwenye vizazi anafunua ukurasa kimya kimya anatua kwenye gharika, na sisi na macho yetu yote hatukugundua. Na mstari wa 3 si uko pale pale, Adamu akazaa mwana kwa sura yake, kwa mfano wake. Nilikuwa nausoma nikijiwazia mimi, kwa kuwa kila mtu anasema paji la uso la baba ninalo mimi, kumbe aliyemchukua mzima ni kaka, mpaka uvivu wake. Hata ile sauti ya kusema "twende" ni ya baba ukifumba macho.

Mume wangu alivyosikia stori yote akasema labda kaka hataki tu kusikia neno akafa limerudiwa vile, hasa mbele ya mama. Inawezekana. Nimekasirika kidogo kwamba mtu aliyekuwa amelala kaipata kwa dakika moja na mimi nimejaza jedwali zima la Excel. Lakini ukimtazama kaka siku hizi, sijui. Mama pia, alivyosema usiku unaingia ilikuwa saa moja na nusu.

Jumapili nikiombwa nitasoma, nisipoombwa basi, Nuhu yuko ndani ya safina hakimbii. Jedwali nimemtumia mdogo wetu maana halali usiku siku hizi, akanijibu kwa alama ya kucheka na swali moja, Hawa alikufa lini? Nimerudi nimetafuta. Haijaandikwa popote.

Lingine kabla sijalala, wenye watoto wadogo nisaidieni. Huyu wangu wa mwisho ameanza kukoroma, siyo mafua, ana wiki kadhaa sasa, analala mdomo wazi, kuna wakati pumzi inakatika kidogo halafu anashtuka anageuka, asubuhi anaamka amechoka kama alikuwa anabeba matofali. Tumepangiwa daktari wa masikio na koo wiki ijayo, lakini nimesoma mambo ya nyama za nyuma ya pua nimejitisha mwenyewe. Kuna ambaye mtoto wake alifanyiwa upasuaji wa kuzitoa? Alilazwa au alirudi siku hiyo hiyo?