Mlango wa mahakama katika uchaguzi wa Rais

Jioni hizi, baada ya sala ya alasiri, barazani kwetu hapa Wete, Pemba, tumekuwa tukiisoma Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 kifungu baada ya kifungu, wazee kwa vijana, na nimefurahi mno kuona watu wa vyama tofauti wakisikilizana.

Kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, yaani vyama vikuu kugawana madaraka, iliyoridhiwa na takriban asilimia 66 ya wapiga kura katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010, hatukubishana: ibaki. Aliyeishi Pemba katika miaka ya uhasama wa kisiasa iliyofuata uchaguzi wa 1995 hahitaji kuelezwa sababu.

Kilichotushika hadi magharibi ni kifungu kinachozuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais wa Zanzibar baada ya Tume ya Uchaguzi kumtangaza mshindi. Mzee mmoja alituuliza, "Wanangu, ikiwa uchaguzi wa mwakilishi wa jimbo unaweza kupingwa mahakamani, kwa nini kiti kikubwa kuliko vyote kiachwe bila mlango wa shauri?" Sikuwa na jibu, na naamini halipo. Wenzetu wa Kenya waliuweka mlango huo katika Katiba yao ya 2010, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha matokeo ya urais, uchaguzi ukarudiwa.

Pendekezo langu ni kwamba jopo la majaji lisikilize shauri hilo kwa muda maalumu uliotajwa ndani ya Katiba, kabla Rais hajaapishwa, na kwamba haki hiyo isiweze kuondolewa na Baraza la Wawakilishi bila kuwauliza wananchi kwa kura ya maoni.