Kifaransa cha kambini kilivyonipa krediti za chuo kabla sijaanza chuo

Kila harusi ya Wakongo hapa Louisville, Kentucky, Marekani, lazima mzazi mmoja anivute pembeni aniulize mwanae afanyeje apate "zile krediti", maana kasikia mimi nilianza chuo nikiwa tayari na krediti 15, yaani pointi za masomo ya kufikia digrii, kama muhula mmoja mzima. Sasa leo naandika yote kwa mara moja, mkinikuta harusini mniache nile.

Nilifika Kentucky nina miaka 15, tumetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Kambini sisi Wakongo tulikuwa tunasoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, dikte, vitenzi, barua za kiofisi, ukikosea unalo. Hapa wakaniweka darasa la 9, ESL, yaani Kingereza cha wageni, na kila mtu akaniambia hicho Kifaransa sahau, we komaa na Kingereza. Nikakubali. Mwaka huo nilitoka na GPA, yaani wastani wa alama, ya 2.5 na kusema kweli niliona ni aibu tu, hata karatasi sikumwonyesha papa, baba yangu.

Kumbe hiyo 2.5 ilikuwa pesa! Hili wazazi wengi hawalijui kabisa. Kentucky kuna skolashipu inaitwa KEES, inatokana na hela za bahati nasibu ya jimbo, haina insha wala maombi, shule yenyewe ndo inapeleka GPA yako. Kila mwaka wa haiskuli una bei yake: 2.5 ni dola 125, 3.0 ni 250, 3.5 ni 375, 4.0 ni 500, za katikati nazo zina bei yake, halafu wanajumlisha miaka yako yote na jumla hiyo unapewa kila mwaka ukiwa chuo ndani ya Kentucky. Na ACT, mtihani wa kuombea chuo, nao unaongeza, mimi nilipata 19 ambayo si ya kujivunia lakini ilikuwa dola 179. Mimi nilienda 2.5, 3.0, 3.5, 3.75, piga hesabu na hiyo ACT, inakuja dola 1,366 kwa mwaka. Ningejua toka darasa la 9 nisingelala kwenye biology.

Sasa tuje kwenye AP. Haya ni madarasa magumu ya haiskuli ambayo mwisho wake mwezi wa 5 kuna mtihani wa College Board, shirika linalotunga mitihani hiyo, alama ni 1 mpaka 5, ukipata 3 na kwenda juu vyuo vingi vinakupa krediti, yaani somo hilo huku chuo hulisomi tena na hulilipii. Na A ya darasa la AP kwenye hesabu ya KEES inahesabiwa 5 badala ya 4. Nilipofika darasa la 11 nikajitosa AP ya historia ya Marekani kwa sababu rafiki zangu wote walikuwepo. Nikapata 2. Mwaka mzima wa kusoma barua za watu wa karne ya 18 kwa Kingereza chao, halafu 2! Krediti hakuna.

Ndo siku moja nimekaa kwa kaunsela, mshauri wa wanafunzi, dada mmoja mpole sana, anapitia orodha ya mitihani ya AP anatafuta kitu changu, nikaona French imeandikwa hapo. Nikauliza hii ni nini. Akasema shule yetu hawafundishi, tuna Spanish tu. Nikataka kuondoka. Halafu akasema sentensi ambayo mpaka leo nashangaa kwa nini hawaibandiki ukutani: kufanya mtihani wa AP si lazima uwe umesoma darasa lake. Unaweza kujisomea nyumbani, na kama shule yako hawautoi unatafuta shule nyingine inayoutoa, unaongea na mratibu wao wa AP, wanakuandikisha.

Lakini angalieni tarehe jamani. Kujiandikisha kunaisha mwezi wa 11 wakati mtihani ni wa mwezi wa 5, mimi nilidhani nina muda nikaenda baada ya krismasi, nikapigwa faini ya dola 40 juu ya ada ambayo yenyewe ni karibu 100. Uzembe wangu mwenyewe. Kuna punguzo la ada kwa familia zenye kipato kidogo, ulizeni.

Nilijiandaa jikoni. Papa kila asubuhi anasikiliza RFI, redio ya Ufaransa, kwenye simu, basi nikawa nakaa naye, habari ikiisha ananiuliza wamesema nini na mimi najibu kwa Kifaransa, nikikosea subjonctif, ile namna ngumu ya vitenzi, anaweka kikombe chini kabisa. College Board wanaweka maswali ya miaka iliyopita mtandaoni bure, nikayafanya yote. Sehemu ya kuongea ndo ilikuwa inaua watu mwaka wangu: unasikiliza mtu kwenye rekodi, halafu una sekunde 20 kumjibu, mara tano, hakuna kusema subiri kidogo. Halafu dakika 2 za kulinganisha utamaduni wa sehemu wanayoongea Kifaransa na wa jamii yako, hapo mimi niliona kama nachokozwa, Kongo na Louisville nimeziishi zote.

Na kulikuwa na swali la kujibu imeili rasmi. Wamarekani wenzangu pale walikuwa wanahangaika na tu na vous, "wewe" ya kirafiki na ya heshima. Mimi mwalimu wa kambini alitukaririsha "Veuillez agréer, Madame, l'expression de mes sentiments distingués", ile salamu ya kufunga barua rasmi, mpaka tukawa tunaiota, yeye kijiti mkononi. Niliiandika ile siku nikicheka peke yangu.

Mwezi wa 7 matokeo: 5. Chuo changu wakanipa krediti 9 za Kifaransa, na KEES wakaongeza dola 300 kwa ajili ya hiyo 5, hii nyongeza ni kwa watoto waliokuwa na sifa ya chakula cha bure au cha punguzo shuleni, 3 na 4 nazo zina kiasi chake. Kutuma alama chuo kimoja ni bure ukichagua kabla ya Juni 20, ikipita hapo unalipa. Na kila chuo kina jedwali lake la AP, cheki kabla, maana vingine hawataki 3.

Krediti 6 zilizobaki ni dual krediti, madarasa mawili ya chuo niliyosoma nikiwa darasa la 12, Kingereza na sosholojia. Hapa niwe mkweli, dual krediti ni tamu lakini ina meno. AP ukifeli unakaa kimya na alama yako. Dual krediti ukifeli ile F inakaa kwenye transkripti, rekodi ya alama zako, ya chuo daima. Binamu yangu aliacha kuhudhuria bila kujitoa rasmi, alipofika chuo akakuta GPA yake imeshaharibika kabla hata hajapata kitambulisho. Ukiona maji yamefika shingoni, jitoe kabla ya tarehe ya mwisho.

FAFSA nayo tulijaza, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali wa masomo, wakimbizi tunaruhusiwa, nikapata Pell Grant, ruzuku ya wenye kipato kidogo. Kaka yangu yeye alipita njia nyingine, alishusha mizigo usiku UPS, kampuni ya vifurushi, kupitia Metropolitan College, mpango wa kufanya kazi hapo huku unasoma, ndo ikamlipia ada, na ni njia nzuri, ila nilimuona miaka mitatu anasinzia na kijiko mdomoni.

Saa hizi mdogo wangu wa kike ndo anakaa jikoni na papa, RFI imewashwa. Juzi papa kaniuliza kama kwenye hiyo orodha kuna mtihani wa Kibembe. Hakuna papa. Cha Kiswahili pia hakuna, nilitafuta. Akasema basi hao watu hawajui wanachokosa, akaongeza sauti ya redio.