Besi yangu inampigia kampeni mgombea, hela yangu bado iko njiani

Risiti iko hapa mezani, nimeikandamiza kwa kikombe cha chai isipeperushwe na feni. Laki tatu na nusu za Uganda. Mlio nyumbani Tanzania gawanyeni wenyewe, haipungui laki mbili na arobaini zetu. Si kodi ya nyumba, si ada ya mtoto, si dawa. Ni pesa ya kukomboa miksa yetu wenyewe (mashine ya kuchanganyia sauti), iliyobebwa Ijumaa usiku tukiwa katikati ya wimbo. Na aliyelipa ni mimi, kwa kuwa katika watu sita wa bendi ni mimi peke yangu niliyekuwa na salio kwenye simu. Ndiyo faida ya kuwa mgeni: unaogopa, kwa hiyo unaweka akiba.

Kwa wasionijua, mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga, mpiga gita la besi. Baba alitulea kwa nyimbo za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, kwa hiyo msinilaumu. Nilipanda basi la Horohoro nikaunga Mombasa, Nairobi, Malaba, nikaingia Kampala 2017. Mwaka huohuo mwanamuziki Bobi Wine aliingia bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Kyadondo Mashariki, na mtaani kila mwenye gita akajiona mheshimiwa mtarajiwa. Bendi yetu ni ya Wakongo watatu, Waganda wawili na mimi. Kiongozi ni mzee wa Bukavu tunayemwita Papaa. Tunapiga rumba na nyimbo za zamani kwenye baa moja upande wa Makindye, Ijumaa na Jumapili.

Huku ni msimu wa uchaguzi wa Januari 2026. (Ya uchaguzi wa Oktoba kwetu mnayajua, siyagusi hapa.) Mwezi uliopita mgombea mmoja wa udiwani, jina nalihifadhi na chama nakihifadhi, akawaita "wasanii wote wa eneo hili" kwenye sehemu ya kuoshea magari. Maturubai, viti vyeupe vya plastiki, soda, pilau yenye nyama ya kuhesabika. Tulifika watu kama sitini: wa kadongo kamu (nyimbo za gita moja) na magita yao, vijana wa kurap, dada wa kwaya, mafundi wa studio, madije. Mheshimiwa akasimama, akasema muziki ni damu ya mji huu, akaanza kuahidi. Studio ya bure kwa vijana. Chuo cha muziki. Kulinda haki miliki. Kutupeleka Ulaya.

Mimi nakula pilau yangu nikawa najiuliza, diwani atalindaje haki miliki? Sheria yao ya haki miliki ipo tangu 2006, ilitungwa na Bunge, na wabunge wenyewe tangu hapo wamekuwamo wanamuziki. Judith Babirye alikuwa mbunge wa wanawake wa Buikwe, Geoffrey Lutaaya na Dr. Hilderman wakaingia 2021. Kama wao wameshindwa kulimaliza, huyu wa kata ataanzia wapi? Alichonacho mkononi diwani ni vitu vidogo visivyopendeza kwenye maikrofoni: ada ya kibali cha muziki wa jukwaani, saa ya kuzima, nani aje kupima kelele na aje na kipimo gani, taa ya barabarani pale tunaposhushia spika usiku wa manane. Hivyo tu. Vingetutosha kabisa.

Nikanyanyuka nikauliza hayo, kwa Kiganda changu cha kuungaunga. Mheshimiwa akatabasamu: "Hilo tutakaa tulizungumze." Kabla sijakaa, kijana wa nyuma akadakia, "Huyu Mutanzania anapiga kura wapi?" Maturubai yote yakacheka. Papaa naye akacheka, halafu akanifinya goti chini ya meza nikae.

Nimekaa nchi hii miaka minane, nalipa kodi ya chumba, nanunua Yaka (hiyo ndiyo LUKU yao), nimewafundisha besi vijana wao wanne bila shilingi. Nikiuliza swali, nawapigia kura wapi! Lakini nikirudi nyumbani na kulala nalo, kijana hakusema uongo. Mgombea anahesabu kura, na mimi sina. Wakongo wetu watatu hawana. Wengi wa wanaopiga muziki wa usiku hapa mjini ni watu wa kuja, na wapenzi wa rumba wengi ni watu wa kuja pia. Sisi ni mapambo.

Mapambo hayo lakini wanayataka. Wiki ileile mkono wa kulia wa mheshimiwa akaja mazoezini. Anataka wimbo wa kampeni, dakika nne, na lazima kuwe na ubeti wa Kiswahili, "kwa ajili ya Afrika Mashariki." Tukakubaliana laki nane. Akatoa mbili papo hapo, za mafuta akasema, sita tukimaliza. Maandishi? Hakuna. Nilimwambia Papaa tuandikishane, akaniambia mwanangu, mtu anayekwenda kuomba kura hawezi kudhulumu. Nakumbuka aliyasema hayo anafungua soda.

Nyie mnaotaka kuja kupiga muziki huku, nawaomba: hata ujumbe mmoja wa WhatsApp wenye kiasi na tarehe. Mganda hana makosa zaidi ya Mtanzania katika hili, tunajuana. Tofauti ni kwamba Tanga ungemfuata kwa mjomba wake. Huku mjomba wake humjui.

Na jifunzeni Kiganda mapema. Kiswahili kiliwekwa kwenye Katiba yao 2005 kama lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri likataka kifundishwe shule zote, sawa, lakini nenda sokoni Owino ukaulizie suruali kwa Kiswahili safi cha Tanga uone macho. Wenye umri wanakumbuka jeshi, vijana wanakumbuka polisi. Tulipousikilizisha wimbo kwa mara ya kwanza pale kwa mama wa rolex (chapati iliyofungiwa mayai, msije mkadhani saa), ubeti wangu ulipofika mteja mmoja akaacha kutafuna: "Luno lwa bajaasi!" Huu wa wanajeshi. Nikajitetea kwamba nimeimba kuhusu taa na mifereji, hakuna aliyesikia.

Basi lori likatoka. Tuko juu na jenereta, tumeshika vyuma, Kibuye, Katwe, barabara ya Salaama, kurudi. Kampeni hapa mwisho saa kumi na mbili jioni, na hadi saa kumi na mbili tulipiga, siku tatu mfululizo, spika nane. Mama wenye watoto wachanga wakifunga madirisha. Hakuna mtu aliyekuja kupima kelele.

Ijumaa ya baada ya hapo, spika mbili, saa nne na nusu usiku, wakaja watu wanne wenye fulana za kuakisi mwanga. Majirani wamelalamika. Karatasi ya kibali ipo, wakasema si hiyo. Mmoja akachomoa waya wa miksa bila hata kushusha sauti, spika zikapiga mlio kama bati limepasuka, na wimbo ukafia hapo, mdomo wa mwimbaji ukiwa wazi. Wakaibeba kwa kuikamata pembeni, palepale penye vitufe. Fundi yeyote anayesoma hapa ameshakunja uso.

Nikampigia mheshimiwa. Akapokea mkono wa kulia: yuko kwenye mikutano. Nikauliza na zile laki sita. "Ssente ziri mu kkubo." Pesa ziko njiani. Usiku mheshimiwa mwenyewe akatuma sauti, sekunde kumi na moja, nimeisikiliza mara nyingi: vijana jitahidini, tukishinda haya yote yatakwisha.

Wanamuziki wa Kampala wangekuwa wapiga kura wa maana kama wangejihesabu. Wenyewe hawaaminiani, na hapo siwalaumu wanasiasa peke yao. Mwaka 2021 karatasi ya kura ya Meya Mkuu ilikuwa na wanamuziki wawili, Chameleone na Ragga Dee, na mji ukamrudisha Lukwago, mwanasheria. Wapiga muziki wenyewe niliowauliza wakati ule walisema msanii akishiba hakukumbuki. Tena mwaka ule mabaa yalikuwa yamefungwa tangu Machi 2020 kwa korona na hayakufunguliwa mpaka Januari 2022. Nilikuwa nimeuza besi yangu ya kwanza kulipa muzigo. Ndivyo wanavyokiita chumba kimoja cha kupanga, na kweli ni mzigo. Katika wagombea wote wa msimu ule hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza bendi zinakula nini, ila nyimbo za redioni waliagiza, maana mikutano mikubwa ilikatazwa. Nyumbani angalau Mwana FA, jirani yangu wa Muheza, ni mbunge tangu 2020 na 2023 akapewa unaibu waziri kwenye wizara ya utamaduni. Mtaniambia imesaidia nini. Sijui, nafurahi tu kumwona.

Aliyetusaidia hakuwa mgombea. Ni Ssentebe, mwenyekiti wetu wa LC1 (serikali ya mtaa), mzee wa miaka sabini na ushee, aliyechaguliwa 2018 watu wakijipanga mstari nyuma yake barabarani, na muda wake umeongezwa mpaka amechoka. Nilimkuta Jumamosi asubuhi anakata nyasi za ng'ombe. Kwa mazoea nikamwambia shikamoo. Akaweka panga chini, akaniangalia, akajibu, "Marahaba, mukomboozi."

Ndivyo walivyowaita askari wetu 1979 walipomng'oa Amin, wakombozi. Aprili ile alikuwa kijana, akatuhadithia, askari wa Tanzania walilala kwao siku mbili na mmoja akamfundisha kuamkia wakubwa. Hakumbuki jina lake. Anakumbuka kwamba alikuwa anapiga filimbi ya mdomo vizuri kuliko redio. Nilisimama pale na deni langu, nikajikuta nimesahau kilichonileta.

Barua ya Ssentebe yenye mhuri, mnaoishi huku mnajua, haitoki bure. Nikatoa noti ya elfu kumi, akairudisha mfukoni mwangu kwa mkono wake. Akaandika kwamba bendi hii anaijua, haina ugomvi na mtu. Halafu akapanda bodaboda na sisi, nyuma yangu, kofia hana, mpaka kwenye ofisi iliyoshikilia miksa. Faini hakuweza kuifuta. Lakini kaunta tuliyoambiwa turudi Jumanne ilifunguka Jumamosi ileile, na miksa ikatoka. Kitelezi cha chaneli ya sita kimevunjikia ndani. Chaneli ya sita ndiyo besi. Sasa naishusha na kuipandisha sauti kwa ncha ya bisibisi.

Anaomba kitu kimoja, tumpigie kwenye kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba ukweni) ya mjukuu wake Desemba. Papaa amekataa kutaja bei.

Jana jioni, kama saa kumi na moja, niko mlangoni natengeneza kile kitelezi, lori likapita. Wimbo wetu. Nikasimama kuusubiri ubeti wangu, haukuja. Pale penye Kiswahili wameunganisha kiitikio na kiitikio, kazi safi ya fundi, usipojua hutaona mshono. Besi imebaki yote.

Nikampigia mkono wa kulia. Safari hii alipokea haraka. Akasema ndiyo, ubeti wameutoa, watu walikuwa wanaogopa, na kwa kuwa ubeti haukutumika, kwenye zile laki sita watakata moja.