Kihariri maandishi changu: kufuta na kuhifadhi

Kihariri kimevuka hatua niliyoingojea kwa hamu: kinafuta herufi ipasavyo. Kwa aliyefika leo, naandika kwa lugha ya C kihariri kidogo cha kompyuta za mezani, chini ya leseni ya programu huria ya GPL toleo la 3. Kinafungua faili, kinatafuta, kinahifadhi. Rangi zitasubiri.

Maandishi yanakaa kwenye safu moja ya baiti (namba za 0 hadi 255 ambazo kompyuta huhifadhia herufi) yenye pengo pale kishale kilipo, mbinu ileile iliyomo ndani ya kihariri cha Emacs. Ukichapa, herufi inaingia pengoni. Ukifuta, pengo linapanuka. Ukisogeza kishale, baiti zinahamia upande wa pili. Pengo likijaa, safu inaongezwa maradufu.

Kazi ilikuwa kwenye kufuta. Chukua neno ng'ombe. Ukilichapa kwa kibodi ya kawaida, ritifaa, yaani ile alama ya ', ni baiti moja, 39. Ukilinakili kutoka Word, aghalabu inakuja ritifaa iliyopinda, ambayo katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, ni baiti tatu: 226, 128, 153. Kufuta baiti moja kunaacha mabaki mawili yasiyosomeka. Dawa imo ndani ya UTF-8 yenyewe, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992: baiti zote za kuendeleza herufi ziko kati ya 128 na 191. Basi kitufe cha kufuta kinarudi nyuma mpaka kikute baiti iliyo nje ya hapo, kisha kinaondoa zote kwa mkupuo. Ni mistari michache tu, na ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Ritifaa hizo mbili zikiwa katikati ya herufi nazihesabu kuwa sehemu ya neno, kwa hiyo ukibofya mara mbili unashika ng'ombe mzima.

Kuhifadhi nako kumekaa sawa. Kihariri kinaandika faili la muda kwenye folda ileile, kinahakikisha kwa fsync kwamba data imefika diskini, ndipo kinalipa jina la faili la zamani kwa rename (zote mbili ni amri za mfumo wa kompyuta). Kwenye Linux ubadilishaji huo hauishii njiani: jina ama linaelekeza kwenye faili la zamani, ama kwenye jipya. Umeme ukikatika wakati wa kuhifadhi, unabaki na faili zima, la zamani au jipya. Kwa anayeandika tasnifu kwenye mashine isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, hilo linazidi pambo lolote la skrini.

Kinachofuata ni kutengua. Kila badiliko litawekwa pamoja na mahali pake, kilichoingia na kilichotoka, na nitaunganisha herufi za neno moja ili mtu asirudi nyuma herufi moja moja.