Chombo kinavuja

Jumanne, usiku

Leo Ami ametamka neno ambalo sijawahi kusikia likisemwa juu ya gitaa. Alikuwa amekaa barazani, mgongo ukutani, kikombe cha kahawa mkononi, nami namchezea gitaa langu la tatu kwa majivuno ya mtu aliyekesha juzi na jana. Akasikiliza kimya. Akainamisha kichwa, akafumba macho. Mwishowe akasema: "Mwanangu, chombo chako kinavuja."

Ami alikuwa fundi wa vyombo kule Matondoni. Chombo kwake ni dau au jahazi. Kingine chochote ni kitu tu. Nikacheka. Yeye hakucheka, akaomba aletewe taa.

Niseme kwanza hiki chombo ni nini, maana wapita njia huniuliza kama nimefunga sufuria kwenye gitaa, na hawajakosea sana. Gitaa la kawaida hupata sauti kwa ubao mwembamba wa tumbo lake. Hili tumbo lake limetobolewa tundu kubwa la duara, na ndani ya tundu nimelaza koni ya alumini, pana inchi 9 na nusu, umbo lake kama kawa la kufunikia chakula. Juu ya kilele chake kuna kisahani cha mbao ngumu kilichobeba daraja la nyuzi. Wenye ufundi huu hukiita biskuti. Nyuzi zikitikisika biskuti hutikisika, koni nayo husukuma hewa kama ile karatasi ya spika. Wazee wetu walijua jambo la jirani na hili: kibangala, ile ala yetu ya nyuzi, kina ngozi iliyowambwa tumboni, si ubao.

Koni hizi zilizaliwa Marekani, wakati mpiga gitaa akikaa kwenye bendi hasikiki kwa tarumbeta. Mpigaji mmoja, George Beauchamp, alitaka gitaa litakalopiga kelele. Akamwendea John Dopyera, fundi mhamiaji mwenye asili ya Slovakia, naye akabuni gitaa la koni tatu. Kampuni yao, National, ilianza kazi Los Angeles mwaka 1927. Baadaye wakakosana, Dopyera akatoka na nduguze wakaanzisha Dobro, jina lililokatwa kutoka Dopyera Brothers, na ambalo kwa Kislovakia pia lina maana ya "jema". Kinachonichekesha ni kwamba Beauchamp huyo huyo, mwanzoni mwa miaka ya 1930, alishirikiana na Adolph Rickenbacker kuunda gitaa la umeme, lile lililopewa jina la utani la kikaango. Yaani aliyeitafuta koni kwa sababu sauti haikutosha, ndiye aliyeleta kitu kilichoifanya koni isihitajike.

Na mimi huku Lamu nakaa usiku nikiviunganisha tena hivyo viwili.

Sababu yangu haina makuu. Stima ikipotea, gitaa la umeme tupu hugeuka ubao wa kukatia vitunguu. Langu huendelea. Ampu, yaani kile kikuza sauti, ikizimika katikati ya wimbo, sauti hushuka, lakini koni bado inaongea, na kwenye vichochoro vyetu, kuta za mawe na chokaa pande zote mbili, inafika mbali kuliko jirani anavyopenda.

Gitaa la kwanza lilikuwa aibu. Koni yake niliikata kwenye sinia la mama, lile la pilau. Niliamini sinia ni alumini na koni ni alumini, basi yamekwisha. Sinia lilikuwa nene, nikaligonga kwa nyundo juu ya gunia la mchanga siku mbili nzima, na mwisho likalia kama kopo la maziwa lililopigwa teke. Mama aliligundua pengo kabatini mwezi wa Ramadhani, siku ya wageni. Sitaki kulieleza zaidi.

La pili nilitumia bati jembamba mno. Nyuzi sita za chuma zikivutwa hadi sauti yake zinakandamiza daraja kwa nguvu ambayo sikuikadiria. Usiku, nikiwa nimelala, nikasikia *pwa!* Asubuhi koni ilikuwa imebonyea katikati kama kofia iliyokaliwa.

Hii ya tatu imekerezwa. Hapa kwetu neno hilo linaeleweka, miguu ya vitanda vya zamani ilikerezwa. Sikujua kwamba hata bati hukerezwa. Fundi mmoja wa jua kali Mombasa aliifunga duara ya alumini kwenye mashine pamoja na kalibu ya mbao, akawa anaisukuma kwa fimbo butu huku inazunguka, hadi ikalala juu ya kalibu kama shuka. Dakika chache tu. Nilikumbuka siku zangu mbili na gunia la mchanga nikanyamaza.

Shingo nimechonga kwa mvule uliobaki kwenye mlango. Urefu wa uzi ni milimita 648, na nafasi za freti, vile vijiti vya chuma vinavyokata shingo, hupatikana kwa kugawa urefu uliobaki kwa 17.817 kila unaposogea. Ya kwanza inaangukia milimita 36.4, ya kumi na mbili nusu kamili, 324. Hesabu tupu, tena tamu. Ikikosewa kwa unene wa msumeno, sikio halisamehi.

Umeme ndio ulionitesa. Nilibandika chini ya biskuti kisahani cha piezo, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, nilichokitoa kwenye saa mbovu ya kengele. Kinasikia kila kitu, hata ukijikuna kidevu. Nikaongeza sumaku karibu na shingo, nimeizungushia waya wa shaba mwembamba kuliko unywele kwa kile kijimashine cha kujazia bobini kwenye cherehani ya mama (alikuwa ameenda Shela, harusini). Waya ulikatika mara tatu. Lakini sumaku ina ujinga wake: husikia chuma cha nyuzi peke yake, koni haiitambui kabisa, kwa hiyo ukiitegemea hiyo tu umebeba koni ya urembo. Ninavichanganya viwili: piezo kwa ile sauti ya bati, sumaku kwa nyama. Ule mvumo wa ndani ya ampu ulikoma siku nilipounganisha waya wa ardhi na kile kipande cha chuma kinachoshika mikia ya nyuzi. Wiki mbili za hasira kwa waya mmoja mfupi.

Kilichobaki ni mlio mdogo, kama nzi kwenye karatasi, uzi wa nne ukipigwa kwa nguvu. Nilikaza kila skrubu. Nililaumu biskuti. Nililaumu hata upepo wa kusi.

Ami alipoletewa taa akaniambia nilegeze nyuzi nitoe koni. Kisha akaomba masizi. Nikamletea sufuria ya kuni kutoka uani. Akachovya kidole, akapaka ule ukingo wa mbao ambao koni hukaa juu yake, duara zima, taratibu. Akairudisha koni, akaibana kwa viganja viwili, akaitoa na kuigeuza. Mdomo wa koni ulikuwa mweusi kote isipokuwa mahali pawili. Pamoja palikuwa na upana wa dole gumba.

"Hapo na hapo. Mbao hazijakutana."

Nikakimbilia pamba. Nilidhani fundi wa vyombo atafurahi. Si kazi yao kalafati, kuziba nyufa za mbao kwa pamba? Akanishika mkono. "Kalafati huja mwisho. Ukiziba mbao ambazo hazijakutana, umeficha tu." Akataka msasa na kipande cha kioo, tukausugua ukingo huo, tukapaka masizi, tukapima, tukasugua tena. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, alikuwa anautafuta mwinuko kwa ukucha. Mara ya tano masizi yakazunguka bila kukatika.

Nikafunga nyuzi, nikapiga ule wa nne. Nzi hayupo.

Nikapiga wa kwanza, juu kabisa ya shingo. Kuna kitu kinagonga.

"Huko si kuvuja," Ami akasema, anavaa viatu, adhana ya Isha imeanza. "Kuna kitu kimelegea. Kitafute wewe."

Sasa ni saa nne, sijakipata. Nyuzi mpya nilizoagiza Mombasa zina masizi mwanzo mpaka mwisho, na mama anauliza kwa nini sufuria yake ya kuni iko barazani.