Saa 7 zilizoliwa na sanduku lenyewe

Asubuhi hii skrini ya pawa stesheni yangu (sanduku la betri ninalotumia umeme ukikatika) imesoma 92%. Umeme ulikatika jana saa 3 usiku ukarudi saa 12 asubuhi, ruta haikuzima hata dakika moja, na kipimajoto nilichokitumbukiza kwenye glasi ya maji ndani ya friji kilikuwa nyuzi 4.6. Wiki tatu zilizopita usiku kama huo ungeniachia 36, na usiku wa kwanza kabisa uliniachia friji vuguvugu na hasira. Naandika kabla sijasahau nilikopita, maana nimepita pabaya.

Vifaa kwa kifupi: pawa stesheni ya wati-saa 1,024 (seli 16 za LiFePO4, aina ya betri ya lithiamu, kila moja volti 3.2 na ampea-saa 20), friji ya milango miwili, ruta. Friji niliipima siku tatu mfululizo ikanipa jumla ya kWh 2.9, yaani wastani wa wati 40. Ruta na adapta yake, wati 9. Jumla 49. Gawanya 1,024 kwa 49, unapata karibu saa 21. Hesabu tamu. Ndiyo hiyo hiyo iliyonitoa hela mfukoni.

Usiku wa kwanza

Nilizima swichi kuu mwenyewe saa 4 usiku, nikahamishia friji na ruta kwenye sanduku, nikaenda kulala kama mfalme. Saa 9 nikaamka, nyumba kimya. Mwenye friji ya zamani atanielewa: ule mngurumo ukishauzoea, ukikosekana ndipo unausikia. Nikaenda na tochi. Ruta haina taa hata moja. Sanduku linaonyesha 71% na kitaa cha AC (umeme wa soketi, kama ule wa ukutani) kimezimika. 71! Chakula kinaharibika pembeni ya betri iliyoshiba.

Kosa halikuwa la betri. Ni ile hali ya kubana matumizi, ambayo hutoka kiwandani ikiwa imewashwa: mzigo ukikaa chini ya wati 10 kwa nusu saa, sanduku linaamua hakuna anayetumia umeme na linazima AC. Usiku hakuna anayefungua friji, kompresa inapumzika zaidi ya nusu saa, na anayebaki kwenye laini ni ruta peke yake. Ruta ya wati 9. Yaani nimekosa umeme kwa sababu ya upungufu wa wati moja. Ningekuwa nimeacha simu ikichaji, nisingejua lolote.

Na jambo la kuudhi zaidi: likishazima, haliwashi tena lenyewe. Kompresa ikihitaji umeme hakuna wa kuisikia. Mpaka mtu aje abonyeze.

Usiku wa pili, hali ya kubana imezimwa

Sasa litakaa mpaka liishe, nikasema. Likaisha kweli, baada ya saa 14 na dakika 10. Nilitegemea 21. Karibu saa 7 zimekwenda wapi?

Hapa ndipo nilipopoteza wiki mbili. Kwanza nikawashutumu watengenezaji kwamba seli si 1,024 kweli. Nikachukua hita ndogo ya wati 500, nikaiwasha mpaka sanduku likazima lenyewe. Saa 1 na dakika 48, kWh 0.90 zimetoka. Hiyo ni 88% ya kilichoandikwa kwenye boksi, na kwa inveta ya aina hii (kifaa ndani ya sanduku kinachogeuza umeme wa betri, yaani DC, kuwa AC) si mbaya hata kidogo. Seli zipo. Lakini kwa friji na ruta, kipimaumeme kilichokuwa kati ya sanduku na mzigo kilisoma kWh 0.69 tu. Betri ile ile, mzigo mdogo zaidi, na umeme uliotoka ni mchache zaidi. Ilinichukua siku mbili kuikubali hiyo sentensi.

Nikafanya jaribio ambalo ningelifanya siku ya kwanza: sanduku limejaa, AC imewashwa, hakuna kilichochomekwa. Nikaliacha saa 10. Limeshuka kutoka 100 hadi 84. Wati-saa 164 zimekwenda kwa kutofanya chochote, yaani wati 16 kila saa ya Mungu kwa ajili ya inveta kukaa macho. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ukirudisha hiyo kwenye hesabu kila kitu kinakaa mahali pake. Wati 16 kwa saa 14 na kidogo ni kama wati-saa 227. Jumlisha 694 zilizofika kwenye vifaa, unapata 921. Zile mia moja na ushei zilizobaki ni joto la kubadilisha DC kuwa AC, pamoja na akiba ya chini ambayo saketi ya ulinzi haikuachii. Hita ilitumia sanduku kwa chini ya saa 2, kwa hiyo ulaji wa bure haukupata muda wa kuuma. Friji inalitumia polepole usiku kucha, na inveta inakula sahani yake kila saa, friji iwe inafanya kazi au imelala.

Nililo nalo la kusema kuhusu thamani ya haya masanduku ni hilo. Boksi lote limejaa wati 1,800 za hiki na mizunguko 3,000 (kuchaji na kumaliza) ya kile. Mizunguko 3,000! Mtu anayekatikiwa umeme mara mbili kwa mwezi anatumia mizunguko 24 kwa mwaka. Ataimaliza baada ya miaka 125. Seli zitazeeka kwa kalenda, au plastiki ya kitufe itavunjika, mapema sana kabla ya hapo. Kwa anayechaji na kumaliza kila siku kwa sola, sawa, hiyo namba ina maana. Kwa wa dharura, namba yenye maana ni ule ulaji wa bure, na ndiyo isiyoandikwa popote. Nimetafuta kwenye kijitabu changu ukurasa kwa ukurasa. Haipo.

Majaribio ya kuokoa

La kwanza, ruta niliihamishia kwenye tundu la DC la volti 12 kwa kebo ya pini ya duara. Nilijisifu sana. Nikapata dakika 20 za ziada, basi. Inveta bado iko macho kwa ajili ya friji, nilichookoa ni hasara ya adapta peke yake.

La pili naona aibu kulisimulia. Nilipata soketi ya taima, nikaiweka kati ya sanduku na friji iwe inakata na kuwasha. Nikakaa nayo jioni nzima nikiipanga. Ndipo nikakumbuka kwamba taima iko *baada* ya inveta. Friji inakatwa, inveta inaendelea kula wati zake 16 ikitazama taima. Nikaichomoa, nikaenda kuoga.

La tatu likawa la mkono: washa AC dakika 50, zima dakika 70, rudia. Friji yangu kompresa ikiwa inazunguka inakula wati 110 hivi, na ili kupata wastani wa 40 inahitaji zaidi kidogo ya theluthi ya muda. Dakika 50 katika kila 120 zinatosha kwa tabu. Matokeo: saa 16 na nusu. Nafuu ya kweli, lakini gharama yake ni mtu wa kubonyeza kitufe kila saa. Mwanangu aliniona mara ya nne nikiinuka kwenye kiti akauliza, "Baba, si ulisema hii inafanya kazi yenyewe?" Sikumjibu. (Ukijaribu hili, usikate na kuwasha haraka haraka. Kompresa ikizimwa inahitaji kama dakika 5 presha itulie, la sivyo inaamka ikiwa imebanwa na inavuta umeme bila kuzunguka.)

Neno moja kuhusu vyombo. Kipimaumeme cha kuchomeka, kile cha kawaida kabisa chenye kujumlisha kWh, kimenisaidia kuliko klampu mita yangu (ile ya kubana waya kupima umeme unaopita) ambayo ni ya maana zaidi. Klampu inakuambia sasa hivi, na friji haina "sasa hivi", ina usiku mzima. Skrini ya sanduku nayo usiiamini chini ya wati 20. Yangu inaonyesha 0 wakati ruta inakula 9. Na programu ya simu inayotaka nijisajili kwanza ndipo nione asilimia ya betri iliyo hatua mbili kutoka nilipokaa, hiyo nimeifuta.

Mpango ulikuwa paneli

Baada ya hapo ilikuwa nifungue paneli ya sola ya wati 200 nipime inarudisha kiasi gani kwa siku. Pia nilikuwa nimeshaanza kuitazama ile betri ya nyongeza inayounganishwa ubavuni, kWh moja nyingine. Ndipo nilipofungua friza kutafuta kitu kingine, nikaona chupa ya maji imeganda.

Kilo moja ya barafu ya nyuzi 0 ikiyeyuka inameza kilojuli 334. Hiyo ni kama wati-saa 93 za joto. Chupa sita za lita moja ni zaidi ya 550. Friji haihifadhi umeme, inahifadhi ubaridi. Kwa nini basi nibebe umeme kwenye seli, niupitishe kwenye inveta inayoula, niufikishe kwenye kompresa, ili nipate ubaridi ambao ningeweza kuuweka tayari kwenye chupa?

Paneli ikasahaulika palepale. Nikajaza chupa nane, kila moja nikiiachia nafasi ya vidole viwili juu kwa sababu maji yakiganda yanatanuka, nikazigandisha siku mbili kwa umeme wa kawaida. Jana ulipokatika nikahamisha sita kwenda chini kwenye friji, mbili zikabaki friza, mlango nikaufunga, na AC ya sanduku nikaizima kabisa. Ruta peke yake kwenye volti 12. Saa 9 za ruta na DC yake hazikufika wati-saa 80. Ndiyo hiyo 92.

Si miujiza, ni mkopo. Maji yale yanataka kugandishwa upya na umeme utakaporudi, na ukikatika siku mbili mfululizo sanduku ndilo litakalolipa. Kompresa itakuwa inafanya kazi mfululizo, lakini hapo angalau inveta inaamka kwa saa chache zenye kazi nzito, kama ilivyokuwa kwa hita, na si usiku kucha kwa wati 40. Betri ya nyongeza nimeiacha. Sanduku nalibakiza na silijutii: taa, ruta, kompyuta mpakato na simu kwa siku mbili linazibeba bila jasho, halina moshi wala kelele, na jenereta huwezi kuiwasha ndani ya nyumba ukabaki hai. Ila ningekuwa nanunua leo kwa ajili ya friji tu, ningenunua chupa kwanza.

Kilichobaki kunisumbua ni friza yenyewe. Asubuhi ilikuwa nyuzi 9 chini ya sifuri kutoka 18, kwa sababu barafu ya maji matupu inayeyuka kwenye 0, haiwezi kushikilia kitu kwenye 18 chini. Inatakiwa maji ya chumvi, ambayo huganda na kuyeyuka chini zaidi. Tangu jana mchana nimelaza chupa mbili za majaribio. Ile ya gramu 50 kwa lita imekuwa jiwe. Ile ya gramu 200 bado inachezacheza kama uji.